Togwa Iliyomwagwa Nyuma ya Minyaa

Makole, Dodoma, usiku wa kuamkia safari yako

Elia wangu,

Uko nyuma ya ukuta huu wa udongo na unajifanya umelala. Mama anajua pumzi za mwanawe. Ukilala kweli hukoroma kama ndama mwenye mafua, na sasa hivi umetulia mno. Tena nimeona mzigo wako umehama kutoka pembeni mwa chumba na kusogea mlangoni, na viatu vimepandishwa juu yake. Nashuku unataka kuondoka kabla hatujaamka, uende stesheni peke yako, ili usifuatane na mume wangu. Kama nimekosea, nisamehe. Kama sijakosea, basi soma barua hii mpaka mwisho kabla hujagusa komeo. Nitaitia ndani ya kiatu chako cha kulia, mahali ambapo huwezi kuipita bila kuikanyaga.

Habari za blanketi, za kuamkia wakubwa, za kutotoa kichwa dirishani gari la moshi likikimbia, hizo mama zako wadogo wamekueleza mpaka masikio yameota sugu. Mimi ninakuandikia jambo ambalo mama hawezi kumwambia mwanawe wa kiume macho kwa macho, kwa sababu linahusu mwili wa mumewe. Kwa desturi yetu ningemwita mjomba wako akae nawe faragha, lakini mjomba yuko Kondoa, na gari la moshi halisubiri wajomba. Nimemwomba ruhusa mwenyewe Mzee Ndahani. Alikwangua udongo kwenye fimbo yake, kisha akasema, "Mwandikie. Ila asiisome mimi nikiwa namtazama."

Niache kwanza niseme kidogo juu ya furaha yangu, kwa maana bila hiyo hutaelewa upumbavu wangu.

Mimi nimeolewa, Elia. Nikiliandika tu neno hili natabasamu peke yangu mbele ya taa kama msichana aliyeletewa shanga. Mimi niliyesoma mpaka darasa la juu kabisa katika shule ya misheni, niliyefundisha watoto wa watu hesabu na kusoma, nikajiona nimemaliza mambo ya moyo siku tuliyomzika baba yako, nimegeuka kuwa mtu wa kusikiliza mluzi. Nikisikia anawapigia mbuzi mluzi kutoka upande wa Chamwino, mikono yangu inaanza kutafuta kitu cha kushika. Ana ndevu za mvi na magoti yanayolia, najua. Lakini jioni ninaporudi na vumbi mpaka magotini hunimwagia maji miguuni polepole, kama mtu anayemwagilia mche. Huniita Sechelela, jina langu lote, na kila akiliita nakumbuka kwamba maana yake ni kufurahi. Miaka mingi niliitwa jina hilo bila kulitumia.

Wewe hujamwita baba hata mara moja. Unasema "mzee yule". Sikukulaumu, na sikulaumu leo, kwa sababu ulikuwa na sababu yako na mimi nilikuwa na yangu. Sababu zetu zote mbili zilitoka ndani ya kibuyu kimoja.

Unakumbuka tulivyoondoka kwa ndugu za baba yako. Ulikuwa mdogo, nikakuambia tunafuata shule. Shule ilikuwepo, ni kweli, lakini hatukuifuata. Baba yako alirudi kutoka safari ya wapagazi akiwa na homa, nikamkorogea uji, akaunywa, akalala, hakuinuka tena. Homa ile ilikuwa imeshawaua wenzake njiani. Lakini nyumbani kwao hawakuwaona wale wa njiani, waliona bakuli langu. Hakuna aliyenishtaki. Waliacha tu kunywa chochote nilichopika. Mama mkwe alikuwa akikipokea kibuyu kwa mikono miwili, ananishukuru, halafu anakiweka chini karibu na mguu wake, na hapo kinakaa mpaka kinachacha. Elia, afadhali angenipiga.

Ndiyo maana umekulia katika nyumba ambayo mama huonja kwanza. Kila mwenye nyumba katika nchi hii huonja kabla ya kumpa mgeni, ili mgeni ajue kinywaji ni safi. Lakini wenzangu hugusa kwa mdomo, mimi hupiga mafunda. Nashuku majirani wamefikiri siku zote kwamba nina kiu.

Basi nikaolewa, tena na mume asiyekunywa togwa yangu ya uwele.

Mwanzoni sikuona togwa, niliona kutoweka. Alikuwa akitoka kanisani katikati ya mahubiri. Akikaa na wanaume, mara huinuka. Anakwenda nyuma ya ua wa minyaa, anakawia, anarudi, na kabla hajapasha kigoda moto anainuka tena. Nikafikiri ni tumbaku, nikamnusa. Haikuwa tumbaku. Nikafikiri ni yule mjane anayeuza chumvi ng'ambo ya minyaa. Nikaenda kununua chumvi nisiyoihitaji ili nimtazame vizuri. Nikaenda tena kumtazama ubavuni, na tena nione kama atashtuka nikitaja jina la mume wangu. Hakushtuka, alinipunguzia bei. Tuna chumvi ya kututosha mpaka siku utakapooa.

Kisha wewe ukaja jikoni, umefunga uso.

"Mama, yule mzee amemwaga togwa yako kwenye minyaa. Yote."

"Pengine iliingia nzi."

"Nzi gani huyo wa kila siku?"

Nilikugeuzia mgongo nikachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Ukasema jambo ambalo lilinichoma kwa sababu nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe: "Anakuita mchawi bila kufungua mdomo." Ukatoka, na tangu siku hiyo hukukaa tena naye kwenye mkeka mmoja.

Nilipaswa kumwuliza. Mwanamke anayejua kusoma, kuandika na kugawanya kwa tarakimu mbili alishindwa kuuliza swali la maneno matatu. Niliogopa jibu. Nilimtazama akiipokea togwa yangu, akiisifu kwa maneno mazuri yanayonilegeza shingo, akilowesha midomo, akiiweka chini, nami nikamwona mama mkwe wangu wa zamani amekaa palepale, mguu uleule, kibuyu kilekile. Nilidhani uvumi umemfikia. Nikaanza kumpeleleza nikimpenda. Sijui kama unaweza kuelewa jinsi mtu anavyoweza kuusubiri mluzi kwa hamu na kuusikiliza kwa makini aone unatoka upande gani, yote kwa pamoja. Utaelewa ukipenda. Naomba usielewe upesi.

Sasa nafika siku ya paa la Mzee Chiwanga.

Ulikuwepo, lakini ulikuwa juu, na mimi nilikuwa chini, na mambo mawili tofauti yalionekana. Wanaume walikuwa wanapandisha udongo kwenye paa la tembe jipya na kuukanyaga, jua limekaza, wanawake tunagawa togwa. Kila mmoja alikunywa. Mume wangu alipopelekewa na mke wa Chiwanga alisema ameshiba. Na aliyesimama juani tangu asubuhi anashiba nini? Wanawake wote wakageuka. Walinitazama mimi.

Hapo moyo wangu ukafanya jeuri. Nikachukua kibuyu kikubwa kuliko vyote, nikakijaza mpaka shingoni, nikaenda mbele yake watu wote wakiona. Nikapiga mafunda yangu, nikafuta mdomo, nikapiga magoti, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

"Bwana wangu, mke wako amekuletea."

Alinitazama. Ule mtazamo niliudhani wa mtu aliyekamatwa. Leo najua ulikuwa wa mtu anayepima mto uliojaa na kuona mkewe yuko ng'ambo. Akanywa nusu, akatua. Ndipo sauti yako ikatoka juu ya paa, mikono yako imejaa udongo.

"Malizia, mzee. Mama yangu hana sumu."

Watu wakacheka. Naye akacheka. Akamaliza kibuyu chote, akakigeuza kuonyesha hakuna tone, akaomba kingine, akakinywa nacho. Elia, nilicheza ngoma siku ile mpaka kilemba kikaanguka. Nilirudi nyumbani nimeshika mkono wake hadharani kama watu wasio na adabu. Nilikuwa nimeshinda. Nilidhani nimeolewa upya.

Kesho yake ulikwenda Chamwino kumuaga bibi yako, mama yangu, kabla ya kwenda kwenye kazi yako pwani. Mchana nilimtafuta mume wangu nikamkuta nyuma ya minyaa, amechuchumaa, ameshika nguzo ya ua kwa mikono yote miwili, jasho linamtiririka. Chini ya kitovu tumbo lilikuwa limesimama, gumu kama boga bichi.

"Sechelela," akasema, "haitoki."

Ni mkojo, mwanangu. Sitalizunguka neno hili, kwa maana kuzungukazunguka ndiko kulikotufikisha hapa. Ulikuwa umemjaa tangu usiku na mlango umefungwa. Uliporudi tulikuambia alishikwa na tumbo, na wewe ukasema, "Kumbe togwa ilikuwa na sumu kweli," ukacheka kidogo ukiangalia kama nitacheka. Sikuweza.

Tulimbeba kitandani, Chiwanga na vijana wake, mpaka kwa daktari Mdachi anayetibu watu wa reli. Njiani mimi nilikuwa na hofu mbili, na nitakuambia ukweli, ile ya pili ilikuwa ya aibu kubwa. Ya kwanza nilihofia atakufa. Ya pili nilihofia atakufa akisema ni mimi. Chiwanga, ambaye ulimi wake haujui kukaa, akamwuliza nikiwa nasikia, "Jana ulikunywa nini, ndugu yangu?"

Nikasogea karibu nisikie jibu.

Mume wangu akafumbua macho. "Nilikunywa togwa ya mke wangu," akasema. "Wewe nyamaza ubebe."

Niliokota kanga yangu iliyokuwa inaburuta vumbini, nikatembea ubavuni mwa kile kitanda nikilia waziwazi, na sikujali nani ananiona.

Daktari alimwingizia mpira mwembamba uliopakwa mafuta. Ndoo ilijaa, nami niliuona uso wa mume wangu unarudi kama ardhi inayonyeshewa. Kisha daktari akaongea muda mrefu, na msaidizi wake, kijana wa pwani mwenye kofia safi, akatutafsiria maneno machache. Unanijua. Nikamwambia, "Bwana mkubwa amesema mengi, wewe umetupa kidogo. Mengine umeyaweka wapi?"

"Mama, wewe ni mke wake au ni hakimu?"

"Mke. Hakimu angekuamini upesi zaidi."

Akacheka, akamwambia daktari, daktari naye akacheka, akavuta kigoda akaanza upya polepole. Nilimsikiliza nikimshuku mwanzo hadi mwisho. Nilifikiri labda anatafuta mtu wa kumpasua ili ajifunze. Niliuliza jambo moja kwa njia mbili nione kama majibu yatagongana. Hayakugongana. Kwa hiyo ninakuandikia kama nilivyoyapata.

Kibofu ni mfuko wa nyama yenye misuli. Lakini misuli yake si kama ya mkono wako, ambao ukiuambia inuka unainuka. Hiyo haipokei amri. Inajilegeza yenyewe mkojo ukiingia, taratibu, bila wewe kujua, na ikifika wakati inajikaza yote kwa pamoja na kusukuma nje. Shingoni mwa mfuko, kwa wanaume, pana tezi. Mtu akizeeka tezi hiyo aghalabu huvimba, ikaibana njia ya kutokea. Si laana, si uchawi, si matokeo ya uasherati. Hilo nililiuliza mara kadhaa.

Njia ikibanwa, misuli haijui kwamba mlango umekuwa mwembamba. Inachojua ni kusukuma, basi inasukuma kwa nguvu zaidi. Kama mashavu ya miguu ya mpagazi yanavyonenepa kwa mizigo, na yenyewe inanenepa, ukuta wa kibofu unakuwa mnene. Ungedhani ni heri. Lakini mfuko mnene haunyumbuki tena kama zamani. Unakuwa mkali, una wasiwasi, unajikaza kabla haujajaa. Ndipo mtu anapokimbia nyuma ya minyaa kila mara, akifika anapata matone, anasimama anasubiri, anarudi, na njiani anaitwa tena. Hapo nilimtazama mume wangu naye akatazama ukuta.

Kisha misuli inachoka. Hakuna anayesukuma mlango miaka yote. Nyuzi zake zinaanza kuingiliwa katikati na nyama ngumu isiyojua kujikaza, na mfuko unalegea, unatanuka kupita kiasi, ukisukuma hausukumi chote. Kinachobaki kinalala ndani, kinaharibika, na kikizidi kinarudisha mzigo mpaka kwenye figo. Na siku mtu huyo akinywa kwa wingi kwa mara moja, mfuko unavutwa kuliko unavyoweza, na unashindwa kujikunja kabisa. Ndivyo daktari alivyosema. Hakujua nani aliyejaza kibuyu.

Nilimwuliza kama mlango ukifunguliwa misuli itarudi kuwa kama zamani. Alikuna kidevu. Alisema ikiwahiwa, mara nyingi hurudi, polepole: ukuta hupungua unene, wasiwasi hupoa, nguvu hurejea. Ikicheleweshwa sana, mlango unaweza kufunguliwa wazi na mfuko ukabaki umelala kama kiriba kilichochakaa, hauna haja ya mlango tena. Ya mume wangu iko upande gani, hakujua. Alisema yeye hapa hawezi kuiondoa tezi hiyo, wanaoweza wako hospitali ya pwani, na asikae sana. Kwa sasa amemwachia ule mpira ndani, umefungwa pajani, una kizibo mdomoni, ili misuli ipumzike wakati wa kusubiri.

Tulipobaki wawili nilimwuliza mume wangu lile swali la maneno matatu. Kwa nini hukuniambia?

Hakujibu moja kwa moja, si mtu wa hivyo. Alinieleza habari za mbuzi aliyemhasi angali mwanambuzi mchanga mno, zamani, huko Chamwino. Mbuzi aliponona alianza kusimama peke yake, anajikunja mgongo, anakaza, mkia unatetemeka, wenzake wanaendelea kula. Wachungaji wote wanalijua jambo hilo, mbuzi aliyehasiwa njia yake ni nyembamba na kijiwe kidogo huweza kuiziba. Walipomchinja, kibofu chake kilikuwa kinene kama soli ya kiatu. "Nilimhurumia sana mbuzi yule," akasema. "Sikujua kuna siku nitamkumbuka nikiwa nimeshika ua." Kisha akasema, "Nimemwoa mwanamke anayecheka vile. Nimwambie nini, kwamba amepata mtungi uliopasuka? Nikaona heri nisinywe. Nisiponywa, sitoki sana. Nisipotoka sana, hutajua."

Kwa hiyo, Elia, togwa yangu aliimwaga ili aweze kukaa karibu nami muda mrefu kidogo. Nami nilikuwa nanunua chumvi.

Na pale kwenye paa alijua. Alikijua kibuyu kile kitamfanya nini. Nilimwuliza kwa nini basi alikunywa, tena akaomba cha pili. Akasema, "Wa kwanza kuniomba ulikuwa wewe. Wa pili alikuwa mwanao. Tangu niingie nyumba hii ndiyo mara ya kwanza kijana yule kusema nami."

Sikuandikii haya ili ubebe lawama pwani. Ulisema neno la kijana anayemtetea mama yake, na mama yako alilifurahia kuliko mtu yeyote pale. Mafunda yalikuwa yangu, kibuyu kilikuwa changu. Mhubiri angepata hapa mfano mzuri sana wa moyo unaosukuma mlango uliofungwa mpaka unakuwa mnene na mkali, na mimi ningeudaka mfano huo nikawafundisha watoto wa shule. Lakini nimechoka na mifano. Ninachojua ni kwamba niliweza kuuliza na sikuuliza.

Sasa ombi langu. Umeshalijua, nashuku, tangu ulipoona mizigo ni miwili.

Kesho anasafiri nawe mpaka hospitali. Mimi sina budi kubaki, mbuzi wake wako mikononi mwangu na uwele bado uko uwanjani. Usimwache stesheni. Usikae behewa jingine. Waliosafiri wanasema gari la moshi husimama mahali pengi na huenda likalala Morogoro. Kila linaposimama atahitaji kushuka, kutafuta mahali pa faragha na kufungua kile kizibo, kisha kukirudisha. Atakuambia hana haja. Usimwamini. Mtu huyu ana mazoea ya miaka ya kusema hana haja. Inuka wewe kwanza useme unataka kunyoosha miguu, atakufuata. Shika shuka lake, lifungue kama ukuta, umpe mgongo, na wakikuuliza unafanya nini sema mzee wangu anabadili nguo. Ukisema "mzee wangu" badala ya "mzee yule", sitakuwepo kusikia, lakini nitajua. Nina mbinu zangu.

Na jambo la mwisho ndilo gumu. Daktari amesema sasa anywe maji. Ule mpira usipopitisha maji mengi utaziba, na joto la huko chini mnakokwenda si la kucheza nalo. Lakini mume wangu amejifunza kiu. Ameizoea kama wengine wanavyozoea tumbaku. Tangu tulipotoka kwa daktari namwekea maji mbele yake, ananisifu, analowesha midomo, anaweka chini. Ananiambia amekunywa. Nami ninapima kibuyu kwa kijiti akigeuka. Hajanywa. Mimi nikimsihi anaona ule mchana wa kwenye paa, nami nauona, na mikono yetu sote inalegea. Siwezi kumpa kinywaji mume wangu, Elia. Kwa muda huu siwezi.

Wewe unaweza. Ulishawahi kumwambia amalizie, akamalizia.

Safari hii mwambie kwa sauti nyingine. Mpe mbele ya abiria kama unavyompa mtu wa kwenu, kwa mikono miwili, na usiondoe macho mpaka aone kwamba hucheki. Atanywa. Akinywa mfululizo bila kuangalia mlango uko wapi, na akafika pwani, na wakamfungua, na misuli ile ikakumbuka kazi yake au isikumbuke, niandikie. Usinifiche ili kunifurahisha. Nitakushuku, na unajua ninavyochosha nikishuku.

Nasikia unajigeuza. Mwenzako wa safari upande huu amelala kweli, mkono wake mmoja uko juu ya paja, analinda kile kizibo hata usingizini. Nampenda mpaka naona haya kukuandikia.

Kibuyu cha maji nimekiweka juu ya mzigo wako, karibu na viatu. Nimekijaza na kukiziba vizuri. Sijakionja.

Nimekuachia wewe uonje kwanza.

Mama yako,
Sechelela